Ntumba za Mama Baada ya Mawe

Niliwahi kusoma habari za Wastoa, wale wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, nikawa kero. Kila aliyelalamika mbele yangu nilimpa dawa ileile: mvua si yako, mavuno si yako, kilicho chako ni moyo wako tu, na furaha inakaa humo. Mke wangu alinitaka niyaseme hayo umeme ukikatika nikiwa nasahihisha mitihani.

Mwaka huo nilikuwa nimekubaliana na mama, mjane anayelima peke yake kijijini Mpui: shamba likimshinda, anahamia kwangu mjini, Milanzi. Alikubali shingo upande.

Mwezi wa pili ikanyesha mvua ya mawe. Nilifika kesho yake asubuhi. Mahindi yaliyokuwa yakitoa mbelewele yalikuwa yamelala chini, majani yamechanika nyuzinyuzi. Nikailaani mbingu kwa sauti, mimi mwanafunzi wa Wastoa! Mama alikuwa amekaa chini analia, kamasi na yote, wala hakujificha.

Nikaanza kukusanya mabua niyachome. Akainuka kama aliyeumwa na siafu.

"We baba, unataka kuchoma nini?"

"Uchafu huu, mama."

"Uchafu! Mfipa gani wewe usiyejua ntumba?"

Akajifuta uso kwa kanga, akashika jembe. Alilaza mabua, akayafunika kwa udongo mpaka likawa tuta la mviringo, ntumba ya kwanza, kisha akaanza jingine. Juu angepanda maharage. Chini mabua yangeoza, na msimu ujao angeutawanya udongo ule ulionona, apande ulezi. Ntumba nilizijua tangu utoto, lakini za nyasi. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuifukia hasara yake yote ardhini na kuifanya mbolea. Kwa heshima iliyonijaa, nilitamani kumwamkia shikamoo mara ya pili.

Alipofika ntumba ya nne nikajikaza.

"Mama, tulikubaliana. Shamba likikushinda..."

"Limenishinda lini?" Hakuacha kulima. "Mimi nimelia, nimemaliza. Wewe ndiye bado unalia."

Nikajigusa shavu. Lilikuwa limelowa.