Gauni Langu, Uso wa Mtoto wa Watu

Mtoto wa kaka yangu anasomea sheria, na kila akija likizo huja na swali la kunipima. Safari hii alinikuta jikoni. Akasema, "Shangazi, hebu fikiria. Mtu anakaa na kompyuta yake anatengeneza picha chafu za watoto. Hao watoto hawapo, au wapo lakini hawajaguswa hata unywele, ni kompyuta imewachora. Sheria impige marufuku, au imwache kwa kuwa hakuna aliyeumia?" Darasani kwao wamegawanyika, na yeye, kwa ujuaji wake, yuko upande wa wanaouliza aliyeumia ni nani. Nikampa kisu na vitunguu nikamwambia amenye, maana mtu anayeuliza swali la namna hiyo anastahili kutoa machozi kidogo. Kisha nikamsimulia haya.

Ilikuwa miaka ya soko huria, kila kitu kinaingia. Singida mjini tulikuwa tumeshavaa mitumba, tumeshapanda baiskeli za mtumba, ndipo kaka yangu akaniletea kutoka Dar es Salaam kompyuta ya mtumba, na skana yake, na printa iliyokuwa inakohoa kabla ya kutoa karatasi. Niliiweka kwenye chumba changu cha biashara karibu na stendi, nilipokuwa nachapa barua za watu kwa taipureta. Nikaandika mlangoni: KADI ZA HARUSI ZA KISASA. Huo usasa wenyewe ulikuwa na umri wa wiki tatu tu.

Kadi ya kisasa inataka sampuli, na sampuli inataka maharusi. Picha pekee ya harusi niliyokuwa nayo ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshaachana na yule bwana, mtu wa Manyoni aliyefanya kazi reli, ambaye katika miaka miwili ya ndoa alinipiga kwa sababu ya chumvi, akanipiga kwa sababu ya kiberiti, na mara moja kwa sababu nilicheka. Lakini gauni lilikuwa zuri, na yeye ni mrefu, suti ilimkaa. Nikiitazama ile picha naona kilichozidi humo ni mimi tu. Nikaamua kujitoa.

Siku ileile akaja mzee mmoja wa Ilongero, mkulima wa alizeti, kutoa fotokopi fomu ya binti yake. Binti alikuwa amefaulu kwenda kidato cha kwanza, msichana pekee wa shule yao mwaka ule, na baba aliishika ile fomu kwa mikono miwili. Pembeni kulikuwa na picha ya pasipoti, mtoto wa miaka kumi na minne, nywele zimenyolewa, macho makubwa yanakutazama moja kwa moja. Nikamwambia mzee akanywe chai kwanza, karatasi zimeniishia. Karatasi zilikuwepo. Nilichotaka ni dakika kumi na yale macho.

Nikamskani, nikakata uso, nikaubandika juu ya gauni langu. Shela ilificha kichwa kilichonyolewa, nikamwongezea na hereni. Ikatoka safi, hata mimi nilishtuka. Nikaprinti lundo, moja nikabandika dirishani, nyingine nikawapa makondakta wa mabasi wazigawe vijijini, Ilongero, Sepuka, Misigiri, popote watakapofika. Nilijiona mjanja hadi nikawa nacheka peke yangu dukani. Habari ya kumwomba mtu ruhusa haikunijia akilini hata kwa bahati mbaya.

Baada ya wiki mbili yule mzee akarudi. Nikasema, "Shikamoo, baba." Hakujibu. Kwetu mtu mzima anaweza kukuchukia, akakupita njiani, akakutukania ukoo, lakini marahaba atakupa, hata kwa pua. Huyu alitoa tu kadi yangu kwenye mfuko wa koti, akaiweka mezani.

"Huyu amuoaye mwanangu ni nani?" akaniuliza.

Akanieleza polepole, bila kupandisha sauti. Fomu ya shule ilihitaji muhuri wa mwalimu mkuu wa shule aliyotoka mtoto, na mwalimu mkuu alikuwa ameiona kadi sokoni. Amekataa kugonga muhuri, kwa sababu mwanafunzi aliyeolewa hana nafasi shuleni, na yeye hataki kufungwa kwa kudanganya serikali. Mjomba wa mtoto amekuja na baiskeli toka Misigiri kuuliza kwa nini ng'ombe wa mahari wameliwa kimyakimya. Mke wake ameacha kuongea naye, anamwekea chakula kama anavyomwekea mgeni. Na shule inafunguliwa Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nikasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka naona aibu. Nilisema, "Baba, hiyo ni kompyuta tu. Hakuna aliyeolewa."

"Ndivyo alivyoniambia karani wa mahakama ya mwanzo," akasema. "Nimetoka huko sasa hivi. Ameniambia hakuna sheria ya picha ya jambo ambalo halikutokea. Akaniuliza, kama mtoto hajaolewa, aliyeumia ni nani? Nikaona nije nikuulize wewe uliyesoma."

Mimi nilisoma hadi kidato cha nne na cheti cha kupiga chapa, na katika vyote viwili sikufundishwa jibu hilo. Nikafunga duka, nikaenda naye Ilongero, tumekaa juu ya magunia nyuma ya pikapu.

Mwalimu mkuu alitupokea ofisini kwake. Alikuwa mtu wa kunyoosha, suruali yake ilikuwa na mikunjo ya pasi hata saa ile ya jua kali. Nikamweleza kuwa mwili ule ni wangu na bwana yule alikuwa wangu. Nikamwonyesha kovu la mafuta ya maandazi kwenye kifundo cha mkono wangu, nikamwonyesha kovu lilelile kwenye mkono wa bibi harusi. Akavaa miwani, akatazama mkono, akatazama kadi.

"Wanawake wenye makovu ya mafuta ni wengi," akasema. "Na uso si wako. Uso ni wa mwanafunzi wangu, nimemfundisha miaka saba. Unataka niamini macho yangu au maneno yako?"

Binti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, kwa sababu hakuna aliyemwambia aketi. Watoto wenzake walikuwa wanapita nje makusudi, wakipiga vigelegele vya chini chini. Nilimtazama, akatazama sakafu. Yale macho niliyoyachukua kwa dakika kumi hayakuniangalia hata mara moja.

Sasa mimi nikibanwa huwa sipati busara, huwa napata utundu. Nikamwambia mwalimu mkuu kesho aje mjini ajionee, aje na muhuri wake, na kama hatasadiki nitamrudishia nauli. Nadhani ni nauli iliyomvuta.

Ijumaa wakaja wote watatu, mzee, binti yake na mwalimu mkuu. Nikamkalisha mwalimu mkuu kwenye kiti cha mteja, nikamwomba picha yake ya pasipoti. Alikuwa nayo kwenye pochi, amepiga na tai, masharubu yamechanwa. Nikaiweka kwenye skana, taa ikapita chini yake, uso wake ukatokea kwenye kioo. Hadi hapo alikuwa ametabasamu. Nikaukata. Nikaubeba kwa mausi, nikautua juu ya gauni langu, ubavuni mwa bwana wangu wa reli, nikamshushia shela, nikamwekea na zile hereni.

Baba mtu aliangalia, akaangalia tena, akakosa mbavu. Alicheka hadi akashika ukuta. Mwalimu mkuu hakucheka.

"Futa," akasema.

"Mwalimu, ni kompyuta tu. Hakuna aliyeumia."

"Nimesema futa."

"Masharubu yamependeza na shela. Niprinti moja tu, ya kumbukumbu."

Akasimama. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Dada yangu, mimi nina mke. Nina wanafunzi mia nne. Hiyo ikitoka nje ya mlango huu nimekwisha. Nani atakayekaa chini aelezwe habari za skana? Futa, nakuomba."

Nikaacha utani, maana alikuwa anaomba kweli. Nikafuta mbele yake. Akataka kujua ilikokwenda, nikamfungulia pipa la taka la kompyuta, akaiona humo, akataka nilimwage na pipa. Nikalimwaga. Hata hivyo hakuridhika hadi nilipozima mashine na kuchomoa waya ukutani. Ndipo akakaa, akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi mara mbili, akagonga fomu juu ya printa yangu. Akaweka sahihi. Akamwambia yule mzee, "Tusameheane." Mzee akapokea fomu kwa mikono miwili kama mara ya kwanza, halafu akanigeukia mimi na kusema, "Marahaba." Ilikuwa imechelewa siku nzima, nikaipokea hivyohivyo.

Nilikuwa tayari kujipongeza, nataka kuwaagizia soda. Yule binti, ambaye tangu jana yake sikuwa nimesikia sauti yake, akasema, "Mama."

"Bee, mwanangu."

"Ya mwalimu umeifuta. Yangu utaifutaje?"

Ya mwalimu ilikaa ulimwenguni kwa dakika tano, ndani ya chumba kimoja, na watu wazima watatu walikuwa hapo kuifukuza. Ya kwake ilikuwa kwenye mabasi. Nikamwahidi nitazikusanya zote, nikamwona anaitikia kwa adabu tu, maana alikuwa na akili kuliko mimi na alijua siwezi. Jumatatu alikwenda shule. Kuna kadi moja ilimtangulia, na kwa miaka minne pale bwenini walimwita Bibi Harusi. Baba yake ndiye aliyeniambia, siku nyingine alipokuja kutoa fotokopi, na aliniambia akiwa anaangalia pembeni.

Mtoto wa kaka alikuwa amemaliza vitunguu, macho mekundu. Lakini ni mwanasheria, hawezi kuacha. "Shangazi, lakini picha ile haikuwa chafu," akasema. "Ni harusi tu."

"Ndiyo," nikamwambia. "Haikuwa chafu. Alivaa gauni langu hadi kwenye vifundo vya miguu. Basi wewe chukua harusi uiondoe, uweke hayo unayoyasema darasani kwenu, halafu uende ukamuulize huyo mtoto aliyeumia ni nani. Na kama unaniambia hakuna mtoto, kompyuta imemchora tu, mimi nakuuliza ilijifunzia kwenye uso wa nani. Mimi nilijua kuunganisha. Kuchora sikuweza. Ilibidi nimwibe mtu. Wapige marufuku, na kama kuna anayetaka kubishana aje anichambulie mchele."

Hakubisha. Akaniuliza kama zile kadi nilizikusanya. Nilizikusanya nyingi, nilifukuza makondakta hadi nikawa kichekesho cha stendi. Na mwaka juzi nilikwenda msibani Sepuka. Wakati wa kula nikaingia ndani kunawa, nikaiona ukutani, imebandikwa kwa uji, imefifia lakini ipo. Mama mwenye nyumba akaniambia hao maharusi hawawajui, walipewa na kondakta zamani sana. Nikamuuliza kwa nini hawaitoi. Akasema wameiacha kwa sababu bibi harusi ana macho mazuri.

Nikamwomba kisu. Akashangaa, lakini akanipa. Nikaanza kuibandua taratibu kutoka chini. Gauni likatoka. Bwana na suti yake akatoka. Uso ukabaki ukutani.