Ukuta wa Wifi Yangu

Wifi yangu alikuwa akinifungia geti makusudi. Mwanzoni nilidhani ni usahaulifu, maana komeo la ndani likishashuka, aliye nje hana la kufanya. Lakini siku ile ya mvua nilimsikia akiburuza ndala zake uani. Nikamwita. Akaongeza sauti ya redio.

Nilikuwa natoka kwenye foleni ya malori hapa mjini Mpemba, ambako nauza chai na chapati kwa madereva wanaosubiri kuvuka mpaka. Mgongoni mtoto, kichwani beseni la vyombo. Mume wangu, naye dereva, alikuwa safarini kama kawaida yake. Nilimkabidhi jirani mtoto, nikarukia ukuta. Vidole vilishika juu, na uwezo wangu ukaishia hapo. Nikaning'inia kama ngozi iliyoanikwa, miguu ikikwangua tofali, mpaka nikaachia na kuangukia tope.

"Wifi, si upite mlangoni?" alisema kutoka ndani. Nikamsikia akicheka.

Jirani aliyempokea mtoto alikuwa mwalimu wa michezo wa sekondari, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. Aliniangalia nikijipangusa.

"Ukuta kama ule unataka ujivute mpaka kifua kifike juu, halafu ugeuze viwiko ujisukume," alisema. "Wanaume wengi hawawezi."

"Mimi nitaweza."

"Sijasema utaweza, mama. Nimesema wengi hawawezi."

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na bomba la chuma lililochomelewa kwenye nguzo mbili. Nikaanza kwenda kila jioni baada ya biashara. Kwanza aliniamuru kuning'inia tu, mpaka viganja vikachubuka. Kisha nikawa napanda kwenye stuli, kidevu juu ya bomba, najishusha polepole huku mikono ikitetemeka. Alinifungia mpira wa ndani wa tairi la lori kwenye bomba, nikauweka chini ya goti ili unisaidie kupanda. Nilipiga pushapu kwenye kingo za baraza yake. Nikilegea alisema, "Nenda kapike," na nilimchukia na yeye pia.

Husemwa kwamba mazoezi hupunguza hasira. Yangu yaliilisha. Kila nilipojivuta niliiona sura ya wifi, nikajivuta zaidi.

Naye aliona mabega yakinijaa. Siku moja tukipukuchua mahindi na wanawake wa mtaani, akasema kwa sauti, "Kaka yangu aliacha mke. Akirudi atakuta kuli."

Wakacheka wote. Nikamjibu, "Kuli ana kazi yake, wifi. Wewe yako ni ipi, kufunga geti?"

Kicheko kikakatika. Tangu hapo hatukula chungu kimoja.

Kiangazi, vumbi la malori likiwa limekaa kwenye kila jani, nilirudi mchana nikakuta komeo limeshushwa. Sikuita. Nilimpeleka mtoto kwa mwalimu, nikavua kitenge, nikabaki na suruali ya mazoezi. Nikaruka, nikashika. Nikajivuta kwa nguvu moja mpaka kifua kikagusa juu, nikasukuma viwiko mbele. Hapo nilikwama. Plasta ilinichuna ngozi, mkono wa kushoto ukaanza kukataa. Kupitia juu ya ukuta nilimwona wifi ameketi na ungo wa maharage, macho kwenye geti, akitabasamu peke yake. Nikajisukuma na kunyoosha mikono, nikavusha mguu, nikatua uani.

Alinitazama usoni. Kisha akapiga yowe, "Mwizi! Mwizi!"

Mtu akiitwa mwizi hapa Mpemba, hana muda wa kujieleza. Vijana wa bodaboda walikuwa getini na marungu kabla sijavuta pumzi. Nililifungua mwenyewe, maana nani mwingine angelifungua? Mwalimu alijipenyeza mbele yao, mwanangu akiwa kiunoni.

"Mwizi gani anaingia kwake?" akawauliza.

"Mimi nitajuaje?" wifi akalia. "Mwanamke gani anaruka ukuta?"

Marungu yakashuka. Kijana mmoja akaniomba niruke tena waone. Nikamwambia aende akafanye kazi.

Mume wangu aliporudi nilimweleza yote. Akasikiliza huku akila, akasema, "Nyinyi wanawake mtapatana tu." Wiki haikuisha, fundi akaja kupanga vipande vya chupa juu ya ukuta kwa saruji. Wifi ndiye aliyemwita. Mume wangu alimshikia ngazi.

Niliondoka na mtoto, nikapanga chumba ng'ambo ya barabara kuu. Mume alikuja baadaye na begi lake, akalisukumia chini ya kitanda, nami sikumuuliza. Kwa mwalimu naendelea kwenda. Wifi tukikutana sokoni hunipisha njia, nami simsalimii. Hajaniomba radhi, na sioni kama nangoja aniombe.