Chura Alisema Ndiyo

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Watu wa hapa Bungoma wakinisikia nikigombana sokoni hudhani moyo wangu ni wa jiwe, kumbe mdomo mkali na moyo mwoga hukaa nyumba moja bila neno. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa bado mke mpya, niliogopa miezi mfululizo mpaka nikazoea kuogopa. Nilikuwa naamka na woga, napalilia nao, napika nao.

Nilikuwa nakaa kwa wakwe zangu, na mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mzungu upande wa Kitale. Mimba yangu ya kwanza ilishika upesi na ikakua upesi kupita kiasi. Mwezi wa nne nilikuwa na tumbo la mwezi wa saba. Mama mkwe akalitazama, akacheka, akasema, "Hapa kuna wawili."

Kwetu mapacha si jambo la mchezo. Lazima atafutwe mtu mwingine aliyezaa mapacha, aje aifungue nyumba kwa ngoma na pombe, la sivyo wazazi na watoto hawatoki nje. Mama mkwe akaanza mapema kuulizia mtu huyo, akatenga na nafaka ya wimbi ya kupikia pombe. Mimi nilikuwa natapika asubuhi, mchana na jioni, miguu imevimba, na kitu kimoja kilinikosesha raha. Wenzangu waliniambia mtoto hupiga teke. Mimi nilikuwa na wawili, na hata mmoja hakunipiga teke. Nikauliza, nikaambiwa ati wamelala. Wamelala wote wawili, mwezi mzima?

Siku moja mchana nilikuwa napalilia mahindi, tumbo likanikata, damu ikashuka. Mama mkwe alinikalisha juu ya majani ya migomba nyuma ya jiko. Kilichotoka hakikuwa mtoto wala nusu ya mtoto. Vilikuwa vipovu vilivyojaa maji, vidogo kwa vikubwa, vimeshikana mashada mashada, vikielea ndani ya damu. Kila aliyewahi kuteka maji mtoni mvua zikianza amewahi kuona kitu kama kile kwenye majani ya ukingoni. Mama mkwe ndiye aliyekitaja, kwa sauti ya chini.

"Mayai ya chura," akasema.

Kisha akavifunika kwa jani, akaniinua. Hakunilaumu hata kidogo, wala hakumwita mtu aje kuona. Lakini nilimsikia akitaja majina ya watu waliokufa zamani, akiwasihi.

Damu haikukoma. Nikapandishwa lori la mahindi hadi hospitali moja ya Kitale, na mama mkwe akakaa kando yangu njia nzima amenishika kiuno. Daktari, mzungu wa Kiswahili cha shambani, akanisafisha tumbo. Nilipopata nguvu akaja na sista anisaidie kuelewa. Walisema huo si uchawi. Ni kondo la nyuma, ile nyama inayomlisha mtoto tumboni, limeharibika tangu mwanzo, likaota peke yake bila mtoto, kama magugu yanavyoota palipopandwa mahindi. Wengi wakisafishwa hupona kabisa. Lakini kwa wachache kipande kidogo hubaki, kikachimba kizazi, kikapanda mpaka kifuani, na hao hufa.

Mwanamke wa miaka kumi na tisa ukimwambia hivyo, unadhani atasikia neno gani? Mimi lile la wengi halikuingia masikioni.

Daktari alitia kipande cha vile vipovu kwenye chupa ya dawa, akakipeleka Nairobi kikaangaliwe na mabingwa wa huko. Jibu lilirudi kwamba ubaya haujaonekana, ila nichungwe. Kuchungwa kwenyewe kulikuwa hivi: nisilale na mume wangu mwaka mzima, na kila mwezi nilete mkojo wa alfajiri kwenye chupa safi.

Mkojo ulikuwa wa chura. Msinicheke, ndivyo ilivyokuwa siku zile. Bwana wa maabara alikuwa mtu wa kwetu, mpole, na kwa sababu nilimsumbua kwa maswali akanionyesha. Alikuwa na ndoo yenye wavu juu, na ndani vyura madume aliowaokota mtaroni. Alimchukua mmoja, akamdunga mkojo chini ya ngozi ya mgongo, akamwacha kwenye chupa pana saa chache. Kama mkojo ni wa mwenye mimba, chura hutoa mbegu zake za kiume, na bwana huyo huziona kwa darubini. Kipande cha ugonjwa wangu, akasema, kikiwepo mwilini humdanganya chura vile vile, adhani ni mimba. Basi mimi nilitakiwa niombe chura aseme hapana.

Mwezi wa kwanza, nikiwa bado kitandani, chura alisema ndiyo. Daktari hakushtuka, alisema ni mabaki na yatakwisha. Mwezi wa pili nilitoka nyumbani na chupa yangu, mama mkwe akinibebea kikapu kwa sababu damu ilikuwa imenipungukia na nilikuwa natembea nikishika ukuta. Siku hiyo chura alisema hapana. Nilitoka mle maabara nikicheka peke yangu. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, chura amenipa ruhusa ya kuishi."

"Chura gani?" akauliza.

Nikamweleza, nikamshika mkono mpaka kwenye ndoo. Akainama, akatazama kupitia ule wavu kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa bado nacheka. Mpaka tunapita Kiminini alikuwa akiitazama chupa yangu tupu ndani ya kikapu. Kinywa changu kilikosea hapo, maana nilimsimulia kichekesho mtu aliyeona mayai ya chura yakitoka mwilini mwangu.

Mwezi wa tatu nilijaza chupa alfajiri kama kawaida, nikaiweka nje ya jiko, nikaenda kuoga. Tukaenda Kitale. Chura akasema ndiyo.

Daktari alinitazama vibaya. "Wewe lala na bwana?" Nikasema sijalala naye. Akauliza tena, polepole, kama anayesema na mjinga. Akamwita mume wangu kutoka shambani, naye akaapa hajanigusa. Baada ya kuapa akageuka kuniangalia mimi, na nikayaona macho yake yanahesabu wanaume wa kijiji kizima. Nilimwambia pale pale, mbele ya daktari, "Kama una neno liseme, usinitazame kama mwizi wa kuku." Akainamisha kichwa. Lakini woga wangu haukuwa wa mume, kwa sababu kama si mimba basi ni kile kipande kimebaki.

Mwezi huo nilikuwa nikikohoa najua kimefika kifuani. Nikisikia uchovu, ndicho. Nikishiba, nasema kinakula na mimi. Wanawake wa mtoni walikuwa wakinipisha njia. Mama mkwe peke yake ndiye aliyekuwa na utulivu ambao sikuuelewa. Alikuwa akinipikia mboga za mchicha na maziwa, akiniambia, "Wewe utapona, mwanangu. Mimi najua." Nilimwona mama mkavu wa roho.

Mwezi wa nne vyura wawili walisema ndiyo, bila kusitasita, nikalazwa. Daktari akakaa kwenye kiti kando ya kitanda changu, na mzungu akikaa chini mbele yako ujue habari si nzuri. Akasema kizazi lazima kitolewe, na kesho asubuhi. Kikiachwa, ugonjwa utapanda.

Nilitaka kuishi, kweli nilitaka. Lakini nilijua pia narudi kwenye boma gani. Mke asiye na kizazi, aliyezaa mayai ya chura tu, mumewe ataletewa mwingine kabla mvua hazijarudi, na yeye mwenyewe abaki kupisha njia na kulea watoto wa watu. Sikulia. Nilijifunika blanketi nikashika tumbo kwa mikono yote miwili, kana kwamba wangekuja kulichukua saa hiyo hiyo.

Mama mkwe akaingia na uji. Sista akamwambia hapo hapo mlangoni kwamba kesho natolewa kizazi kwa sababu mkojo umeonyesha ugonjwa umerudi.

Akaweka uji chini. "Hiyo mkojo si yake," akasema.

Sista akadhani hakusikia vizuri, akarudia. Mama mkwe naye akarudia. "Si yake. Ni yangu. Yake nilimwaga."

Alihojiwa pale mpaka daktari akaja. Mara zote mbili, nilipokuwa naoga, alimwaga mkojo wangu kwenye migomba akatia wake. Hakujitetea wala hakulia. Daktari alisema maneno ya kwao ambayo nafurahi sikuyaelewa. Ndipo tukapewa chupa mbili, moja yangu, moja yake, na sista akatusimamia mlangoni kama askari. Bwana wa maabara akachukua vyura wapya.

Kutoka saa sita mpaka saa kumi tulikaa kwenye nyasi nyuma ya wodi, mimi na yeye. Kwa nini chura alisema ndiyo kwa mkojo wa mwanamke wa makamo kama huyu, hata sikuwaza. Nilikuwa nawaza wangu tu. Na kama wangu nao ungesema ndiyo? Kukiri kwake kusingenisaidia kitu. Nilikuwa nang'oa nyasi moja moja, na mpaka saa tisa nilikuwa nimefanya kipara mahali pale.

Bwana wa maabara alitoka akifuta mikono. Akaanza na mimi, Mungu ambariki. "Wako hakuna kitu. Hapana kabisa." Kisha akamgeukia mama mkwe, akashusha sauti kwa heshima. "Mama, daktari anataka akupime. Wako ndio wenye mimba."

Yeye alidhani damu ya mwezi imekoma kwa uzee. Na kwetu, mwanamke akishaletewa mke wa mwanawe nyumbani, yeye hufunga kuzaa. Akizaa tena ni aibu, watu husema anashindana na mke wa mwanawe, anamnyang'anya watoto. Na mimi ndiye niliyekuwa sina mtoto. Alivuta leso akajifunika uso wote.

Mimi nilikuwa na hasira mpaka masikio yananiwaka. "Wangenikata kesho, mama. Kesho. Ungeniacha gofu."

"Sikujua," akasema ndani ya leso. "Nilijua tu hiyo chura inatafuta mtu. Iliweka mayai ndani yako, sasa inaitisha mkojo yako kila mwezi. Nikasema wewe hujazaa hata mmoja, mimi nimezaa saba. Kama ni kukula, ikule mimi."

Nilikuwa na matusi tayari, mazuri, ya kumtosha mpaka Bungoma. Nikayameza. Nikasogea nikakaa karibu naye mpaka mabega yetu yakagusana, jambo ambalo mke hafanyi kwa mama mkwe wake.

"Yule wa mwisho alikaribia kuniua," akasema akishusha leso. "Na nilikuwa bado na nguvu. Naogopa, mwanangu." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Kisha akasema, "Siku ikifika usiniache kwa wakunga. Unilete hapa."

Nikamwambia nitamleta. Sokoni walimcheka mpaka tumbo lilipokuwa kubwa, na kila aliyemcheka nikiwepo alijuta kuzaliwa na masikio. Siku ilipofika nilimpakia kwenye lori lile lile, nikamshika kiuno njia nzima. Tulikwenda wawili tukarudi wawili, mimi na mtoto mchanga ndani ya leso aliyoiacha mama yake. Kwa desturi huyo ni shemeji yangu. Lakini baadaye, nilipopata wangu watano, walikuta kuna mtu tayari ananiita mama.