Yule Aliyeuliza Kama Ninaumwa

Siku niliyotolewa nje kama mwali bado ninaikumbuka, mwanangu, na kwa miaka mingi niliikumbuka kwa hasira. Wewe Zuhura ni mjukuu wangu, lakini nimekulea mwenyewe, kwa hiyo nitakuita mwanangu upende usipende. Zamani kwetu Uluguru, msichana akivunja ungo alifungiwa ndani. Jua halimwoni, jembe haligusi, anakula na kufundwa tu mpaka siku ya kuchezwa. Mimi nilikaa ndani masika yote na zaidi. Nilipotolewa nilikuwa mweupe, nimenenepa, ninang'aa mafuta kuanzia utosini. Mjomba akanibeba mabegani, ngoma ikalia, na kila mtu akaimba uzuri wangu.

Katikati ya sifa zile kijana mmoja wa ng'ambo ya mto akapaza sauti: "Mbona mweupe hivi? Huyu anaumwa?"

Wanawake walimzomea. Mimi nililia palepale mabegani mwa mjomba. Huyo kijana ndiye aliyekuja kuleta posa, na huyo ndiye marehemu babu yako Kibwana.

Akahamia kwetu, tukalima migomba kwenye shamba la ukoo wa mama yangu. Ndizi tulizishusha Morogoro mjini kwa kichwa, na jua likanirudishia rangi yangu. Lakini jamani, yule mtu hakuwa na neno tamu hata la kuombea maji! Mume wa jirani alimwita mkewe ua, mara lulu. Wangu ananiambia, "Shingo yako imeanza kupinda, leo mkungu nabeba mimi." Au ananiambia nina magaga mabaya visiginoni, kisha anatoka kwenda kunitafutia mafuta ya nyonyo. Mimi nilisikia magaga tu. Mafuta niliyapaka nimenuna.

Nilitaka kujua jambo moja: huyu mtu ananipenda au amenizoea? Ikafika siku nikachoka kujiuliza. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, basi nikamtolea vitu vyake nje, mkeka wake, panga lake, na kanzu yake ya Idi. Kungwi wangu, yule bibi aliyenifunda ndani, akaja mbiombio.

"Wale wote siku ile walikuwa wanasifu mafuta niliyokupaka mimi," akaniambia. "Mmoja tu ndiye aliyekuona wewe, nawe ukalia. Rudisha huo mkeka ndani."

Niliurudisha, maana kungwi habishiwi. Moyoni sikuukubali. Tukazaa, tukazeeka, na mimi bado ninangoja neno zuri.

Masika yaliyopita, wewe ukiwa shuleni, babu yako alilazwa hospitali mjini. Nikampelekea uji. Nikamuuliza amelalaje, akasema hajalala.

"Maumivu?"

"Hapana, ni kimya. Umenikoromea sikioni tangu ujana wetu, sasa humu sisikii kitu."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Mimi nikaona ananiumbua mbele za watu, tena akiwa kitandani. Nikafunika uji, nikaondoka kabla saa za kuona wagonjwa hazijaisha. Kesho yake nilipofika na uji mwingine, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa.

Halafu ukaja likizo na lile shairi lako la Kiingereza la kujiandaa na mtihani. Tulikuwa jikoni, mimi nachambua maharage, wewe unanieleza. Ukasema ni mwanaume wa kale aliyekataa kumpamba mwanamke wake kwa maneno ya kuazima. Alizitaja kasoro zake bila kificho, na mwishoni akaapa kwamba kumpenda anampenda, tena kweli. Ukacheka: "Bibi, wa hivi mimi nampiga chini mapema!" Kisha ukaniuliza mbona machozi, nikakwambia ni moshi.

Haukuwa moshi, mwanangu. Ni kwamba lile jambo nililotaka kujua maisha yangu yote nilijibiwa pale wodini, nami nikachukua kikapu changu nikaondoka.

Sasa sikiliza. Najua yule kijana wa Kihonda anakuandikia kwenye simu kwamba wewe ni malaika. Simkatai, sijamwona. Ila mchunguze kama anajua unaogopa nini, na ukiugua unaweza kula nini. Malaika haugui, wewe unaugua. Wapo pia wanaume wenye midomo michafu tu, hao usiwavumilie hata siku moja, wala usiseme bibi alikutuma. Ninayemsema mimi ni yule anayetaja magaga huku ameshika chupa ya mafuta. Huyo akisema neno lisilokupendeza, usinune haraka kama mimi. Mwache amalize, kisha mtazame mikononi.

Nenda kafanye mtihani wako, uwaandikie kwamba yule mwanaume wa kwenye shairi hakuwa anatukana. Mungu akupe mtu anayekuona, na akufungue masikio umsikie angali hai. Mimi siku hizi nalala peke yangu, nakoroma nitakavyo, na hakuna anayelalamika.