Msichana Niliyemwombea Kazi Kianjai

Siku ya kwanza kuripoti kazini Kianjai, meneja wa chuo cha ufundi alinipa ufunguo wa karakana, akanionyesha cherehani chache za kukanyaga kwa mguu, nyingine zimekatika mkanda, akasema, "Mwalimu Wanja, hawa ni watoto walioanguka darasa la saba. Wafundishe hata kushona vifungo tu, wazazi wafurahi." Nilimshukuru kwa heshima, kama nilivyolelewa, lakini moyoni nilikasirika. Kifungo hata mume wa mtu anaweza kukishona. Mimi nilikuwa na gredi yangu ya serikali, na sikutoka kwetu Runyenjes, Embu, hadi Tigania kwa Wameru kuwafundisha wasichana wazima vifungo.

Ninyi vijana mnavijua vyuo hivyo vikiwa na mageti na vibao vya rangi. Wakati wetu, miaka michache baada ya Uhuru, vilikuwa vibanda vya mbao na mabati vilivyojengwa kwa harambee. Aliyepita mtihani alikwenda sekondari, aliyeanguka aliletwa kwetu, na watu walilisema jambo hilo mbele yake bila haya. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu wa ufundi haikuwa ufundi. Ilikuwa kumfanya mtoto anyanyue uso.

Sikuwaruhusu kugusa cherehani mpaka wajue kukata. Tulikata karatasi za kaki, zile za mifuko ya simiti, tukatengeneza patani, yaani umbo la kila kipande cha nguo kabla hujaharibu kitambaa cha mtu. Niliwafundisha kuutafuta uzi wa kitambaa. Kila kitambaa kina nyuzi zinazokwenda urefu na nyingine upana. Ukikata ukiukosa uzi, nguo itapendeza dukani, na ikifuliwa mara moja inajipinda, mshono wa ubavuni unakuja tumboni. Wateja hawatakwambia kitu. Watahama tu.

Katika wasichana hao alikuwepo Kajuju, binti wa Mzee M'Ikunyua. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na alikuwa na jicho. Ukimwonyesha mtu amesimama barabarani alikutajia kipimo cha mabega yake, na ukipima kwa tepu unakuta hajakosea sana. Jicho hilo sikumpa mimi. Nililikuta.

Niseme ukweli wa maisha yangu huko, maana wastaafu wengi husimulia kazi tu, kana kwamba jioni hazikuwepo. Watu hufikiri Kiembu na Kimeru ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Nilishika nusu ya maneno, nikacheka mahali pasipochekesha. Nilikaa chumba kimoja nyuma ya karakana. Soko likifungwa kila mtu alirudi kwao, kwenye miraa yake na watoto wake, nami nikabaki na jiko langu. Kwetu nilikuwa nimepita umri wa kuulizwa nitaolewa lini. Walikuwa wameacha kuniuliza. Kajuju ndiye aliyekuwa akibaki kufagia, akinirekebisha Kimeru changu, tukichambua mboga pamoja. "Mwalimu, hapo umemwambia mama wa watu kwamba yeye ni mzigo," alikuwa akisema, bila hata kucheka. Nilimzoea. Nilimpenda kama mtoto wangu, na sikumwambia.

Basi Afisa wa Vijana wa Wilaya akaja kukagua. Akatuambia kuna karakana mjini Embu inayoshona sare za shule, na inatafuta fundi wa kukata, kazi ya kuandikwa, si kibarua cha kuitwa asubuhi na kufukuzwa jioni. Nilijua wa kumpeleka. Nilijua pia kwamba akienda nitabaki na jiko. Nilijishauri siku kadhaa, nikamtaja.

Baba yake akakataa. Alimtuma Kajuju aniambie hivi: "Mwambie mwalimu wako mambo ya msichana hayamalizwi shuleni. Watu huja nyumbani." Na Kajuju aliponiletea ujumbe huo, kwa mara ya kwanza nilimwona analia. "Akikataa kabisa nitaenda kuchuma miraa," alisema. "Na hii mikono utakuwa umeifundisha bure."

Nikamuuliza Baba Kinoti, mlinzi wetu, mzee wa huko huendewa vipi mtu akiwa na neno zito. Akasema huendewa na miraa, iliyofungwa vizuri. Nikaenda sokoni nikataka fungu zuri kuliko yote. Muuzaji akaniuliza, "Ni mambo ya nini, mwalimu?" Nikamjibu ni mambo ya msichana wa watu. Akatabasamu, akachukua muda wake, akalifunga kwa majani ya ndizi, nadhifu mno, nikashangaa heshima aliyonipa. Mimi Muembu ningejuaje? Huko kuna fungu la kutafuna, na kuna ncoolo, fungu linalopelekwa nyumbani kuomba mchumba.

Nililibeba mwenyewe mpaka kwa Mzee M'Ikunyua. Alilitazama, akanitazama, akawaita ndugu zake wawili. Walilifungua polepole, wakagawana, wakaanza kutafuna. Nikafikiri mambo yameenda vizuri. Kisha mzee akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kijana wenu anafanya kazi gani?"

"Kijana yupi, mzee?"

"Huyo unayemwombea."

Ndugu mmoja alielewa mapema akafunika mdomo kwa kofia. Nikasema, "Mzee, mimi sina kijana. Sina mtoto wa kiume wala wa kike. Nimekuja kumwombea Kajuju kazi, Embu."

Aliyefunika mdomo aliondoka kwenda kuchekea nyuma ya zizi. Lakini mzee hakucheka. "Fungu limefunguliwa na tumelila," alisema. "Hatuwezi kulitapika. Wewe umemwomba, basi umemwomba wewe mwenyewe. Anayeomba msichana hubeba mzigo wake. Akiugua huko, ni wewe. Akidhulumiwa, ni wewe. Nitakuja mlangoni kwako kukuuliza, sitakwenda kwa serikali. Umekubali?"

Nikasema nimekubali. Sikuwa nimewahi kukubali jambo kubwa kama hilo, hata kanisani.

Kajuju akaenda Embu. Jioni ile nilipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, nikakila kwa hasira.

Neno la mzee lilinisumbua, nami nikawa nashuka Embu kila nipatapo ruhusa. Safari ya kwanza nilimkuta Kajuju ameketi pembeni anashona vifungo. Vifungo! Na hakuwa ameandikwa. Nikamwendea msimamizi wa karakana, bwana mmoja mwenye tai fupi. Akaniambia, "Mama, wasichana huja wakaolewa. Nitamwandikaje mtu atakayeondoka?"

"Mpe meza ya kukata leo," nilimwambia. "Akiharibu kitambaa, nitakushonea mimi bure mpaka deni liishe."

"Kwani wewe ni nani wake? Mama yake?"

Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwomba kwao." Alidhani nina mtoto wa kiume, akalegea kidogo, na sikumsahihisha. Kajuju akapewa meza. Alikata suruali za shule nzima bila kupoteza kitambaa, maana alizipanga patani zikalaliana kiuno kwa mguu, jinsi watu wanavyolala wengi kitanda kimoja. Kabla mwezi haujaisha aliandikwa. Baadaye nilimsukuma akafanya mtihani wa gredi, ule wa serikali unaokutambulisha kuwa fundi popote nchini, akapita.

Tangu hapo niliwaombea wengi, ingawa sikubeba miraa tena. Ninyi mnaofundisha sasa, msidhani kazi yenu inaishia kwenye cheti. Msichana akipata kazi, nenda ukaone amekalishwa meza gani. Waulize wakubwa wa hapo kama wasichana wameandikwa, wanalipwa kwa wakati, choo kipo. Wakubwa hawapendi kuulizwa. Waulize tu.

Nilihamishwa Kiambere, huko Mbeere katika wilaya ya Embu, bwawa la umeme lilipokuwa limekwisha na mafundi wamekwenda zao, na vijana wa pale wamebaki wakiyatazama maji. Mkuu wa chuo alinipokea akisema, "Hapa ni joto na subira, mwalimu." Alisema kweli. Tulishona ovaroli na mifuko, tukatafuta wateja kwa miguu. Usiku ulikuwa mrefu huko kuliko Kianjai. Uhamisho huo nilikuwa nimeuomba mwenyewe ili niwe karibu na Kajuju; nilipoupata, yeye alikuwa ameitwa Nanyuki kusimamia wakataji wote wa karakana kubwa zaidi. Nilimsindikiza stendi. Nilitaka kumwambia, baki kidogo. Nikamwambia, "Uangalie wasikuweke kwenye vifungo."

Mzee M'Ikunyua hakuja kamwe mlangoni kwangu kuniuliza. Aliposikia binti yake anasimamia wanaume, alinitumia salamu kwamba mzigo nimeubeba vizuri. Nilizishika salamu hizo kuliko hotuba niliyosomewa siku ya kustaafu.

Sasa nakaa Majimbo, mtaa wa Embu mjini, chumba na sebule, na cherehani yangu dirishani. Natengeneza zipu za majirani. Watoto wao wananiita shosho, yaani nyanya, wanachukua nguo, wanakimbia. Niliowafundisha wametawanyika, na karibu wote wanafanya kazi. Mtu mwenye kazi nzuri hana nafasi ya kukaa na mzee. Hilo ndilo nililolitafuta maisha yangu yote na sina wa kumlaumu, lakini msidanganywe kwamba halinichomi.

Kajuju hunipigia simu Jumapili. Mwezi wa kwanza uliopita alipitisha Jumapili moja, kisha nyingine. Nilikaa na simu mapajani, nikaibeba hata nikienda jikoni. Alipopiga hatimaye sauti yake ilikuwa imekauka. "Mwalimu, nisamehe. Shule zimefunguliwa, sare ni nyingi, na nimeandika wasichana wapya. Nilikuwa nawazungukia kuona wamewekwa meza gani."

Nikamwambia amefanya vizuri sana, asiwaache. Akasema lazima arudi kazini. Nilitaka aniulize leo nimekula na nani. Nikamwambia, "Nenda, mwanangu," nikimwita hivyo kwa mara ya kwanza, lakini alikuwa ameshakata simu.