Nyota Imeshatoka, Shemeji

Orysia Hnatiuk alikuwa na watoto wengi kuliko mwanamke yeyote wa Dolyna, na hakuzaa hata mmoja. Wote walimjia wakiwa na miaka kumi na sita au kumi na saba, wenye ndevu za kubahatisha, kila mmoja na begi linalonuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Ndivyo mambo yalivyo kwetu Saskatchewan: kijana akionekana anajua hoki ya barafuni, timu ya mji mwingine inamchukua, anaaga kwao, na familia ya huko inampa chumba na chakula. Mji wetu wenyewe ni maghala ya nafaka, kanisa lenye kuba na uwanja wa barafu. Asiyelea mchezaji, basi anamtukana refa.

Orysia na mumewe Metro walianza kuwapokea tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Metro aliwanolea viatu vya barafu bandani kwake, Orysia akawalisha. Na kila kijana alipoondoka mwisho wa msimu alimwomba amfundishe kupika pirohi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi na kuchemshwa. Orysia alimtajia kila kitu isipokuwa kimoja. Hakumwambia kwamba unga unakandwa kwa maji yale yale yaliyochemshia viazi. Basi haupiti mwezi, simu inalia kutoka Vancouver au Ujerumani: "Mama, unga unachanika! Nimekosea wapi?" Naye anacheka mpaka anajishika kiuno. "Hujakosea, mimi ndiye niliyekuficha. Njoo nikuonyeshe." Na walikuja kweli, wengine na wake zao, wengine na watoto mgongoni.

"Hiyo ni kamba," Metro alimtania. "Unawafunga kama ndama."

"Na wewe nilikufunga kwa kamba gani?"

"Mimi sikuhitaji kamba. Nilikuwa mzito wa kukimbia."

Metro alikufa mwezi wa nne, theluji ikiyeyuka. Keegan Thorsby, kijana wa pwani ya magharibi aliyekuwa akimaliza msimu wake wa pili nyumbani kwao, alibeba jeneza pamoja na wanaume wa ukoo. Baada ya mazishi wenzake walikwenda kutembea, yeye akakaa jikoni na Orysia akimenya viazi vibaya vibaya, nusu ya kiazi ikienda na ganda. Hakusema maneno ya faraja, kwa sababu hakuyajua. Alimenya tu. Tangu siku zile Orysia aliacha kusema "mchezaji wangu," akaanza kusema "mwanangu."

Mwezi wa kumi na mbili Keegan akaitwa timu ya taifa, kwenda mashindano ya dunia ya vijana. Hapo ndipo Dolyna ilipochanganyikiwa. Mashindano hayo huanza siku moja baada ya Krismasi ya Waingereza (yetu, ya kalenda ya kale, huja tarehe saba ya mwezi wa kwanza), na nchi nzima hukaa mbele ya televisheni na mabaki ya bata mzinga mapajani. Mwenye msiba siku hizo azike upesi. Jina la Keegan liliandikwa kwenye dirisha la duka la mikate kwa herufi za krimu. Taras Hnatiuk, mdogo wake Metro na meneja wa timu yetu, alitembea kifua mbele utadhani yeye ndiye atakayeteleza barafuni.

Siku ya kuondoka, Keegan alisimama jikoni na viatu vyake vya nje, theluji ikimwagika sakafuni.

"Mama, hebu nitajie zile pirohi unazipikaje."

Orysia akageuka na mwiko mkononi. Hakuna kijana aliyewahi kuuliza hilo katikati ya msimu. "Sasa hivi? Kwani wewe hurudi?"

"Narudi, mama! Nataka kuwapikia wenzangu kambini. Wanadhani nawadanganya."

Akamtajia, naye akaandika kwenye simu yake. Maji ya viazi hakuyataja, kwani mazoea yana taabu. Keegan akamkumbatia mpaka akamwinua. "Fainali tarehe tano. Tarehe sita niko mezani kwako, Jioni Takatifu, mkesha wa Krismasi yenu, sikosi. Na jezi nakuletea, tuitundike kwenye kiti cha mzee."

Kwetu jezi ya kwanza ya taifa humwendea mama aliyekulisha. Usiulize sheria hiyo imeandikwa wapi. Orysia alifuta machozi kwa aproni, akapigilia msumari ukutani juu ya kiti cha Metro kabla gari halijafika barabara kuu.

Mechi zote alizitazama na Lesia, mke wa Taras. Lesia ni mwanamke wa kelele. Mechi ya hoki bila yeye haina chumvi. Lakini safari hii alikaa kimya akifuma soksi, na Keegan alipofunga dhidi ya Waslovakia, akalia.

"Lesia! Goli la tatu hilo, nawe unalia?"

"Macho tu, dada. Jiko lako lina moshi."

Jiko la Orysia ni la umeme. Alicheka, akampa chai, yakaisha.

Fainali ilikuwa na Wafini. Ilikwenda mpaka dakika za nyongeza, na Keegan ndiye aliyekisukuma kile kisahani cheusi kwa mwenzake aliyefunga. Walipovishwa dhahabu, kamera ilimsogelea. "Nampenda mama yangu," akasema, jasho likimtiririka. Orysia aliibusu televisheni. Kijana ana mama mzazi, mzima wa afya, huko pwani, lakini hilo halikumpitia kichwani hata kidogo.

Kesho yake alipika tangu alfajiri. Vyakula kumi na viwili, bila nyama, kama dini ilivyotaka: supu nyekundu ya bitiruti, samaki, kabichi zilizoviringishwa, maharage, pirohi mlima mzima, na ngano ya asali inayoliwa kwanza. Nyasi kavu chini ya kitambaa cha meza. Sahani ya Metro na mshumaa wake, kwa maana jioni ile marehemu nao hualikwa. Na walio hai lazima wawe shufwa mezani. Wakiwa witiri, mmoja wao hataiona Krismasi ijayo, ndivyo bibi zetu walivyotutisha. Orysia, Taras, Lesia na Keegan: wanne. Hesabu ilikuwa imekamilika.

Hakuna anayegusa kijiko kabla nyota ya kwanza haijaonekana. Taras na Lesia walifika saa kumi na moja, giza likiingia, wakaketi bila kuvua masweta. Taras akatoka kibarazani, akarudi akipuliza vidole.

"Nyota imeshatoka, shemeji."

"Hiyo taa ya ghala."

"Taa ya ghala iko kusini."

"Basi ndege." Orysia akavuta pazia. "Labda ndiyo ndege yake inayoshuka. Barabara ina barafu, atachelewa kidogo. Nyie mna njaa gani? Hamkula kwenu?"

Wakangoja. Supu ikapashwa moto, ikapoa, ikapashwa tena. Taras akatoka, akarudi.

"Shemeji, ziko nyota tele. Hata mimi nisiyeona vizuri nazihesabu."

"Mimi sijaiona. Mwenye nyumba akiwa hajaiona, haijatoka." Alisema akicheka, lakini mkono wake ulikuwa umekishika kiti cha Keegan. "Mpigie wewe, Taras. Simu yangu haipokei. Wewe ni meneja wake, atapokea."

Taras akamtazama mkewe. Lesia akatazama sahani.

"Tuombane msamaha, tule," Taras akasema.

Kwa akina Hnatiuk, kabla ya kula jioni ile kila mtu humwambia mwenziwe "nisamehe," na mwenziwe hujibu "Mungu atasamehe." Ni maneno ya kupita, kama kubisha hodi. Taras alisimama, akafungua kinywa, akaishia kunyoosha kitambaa cha meza.

"Mwambie!" Lesia akapiga meza, vijiko vikaruka. "Mwambie, Taras, au nitasema mimi! Nimekaa kwenye kochi lake wiki mbili nikinywa chai yake!"

"Aniambie nini?" Orysia akauliza. "Amepata ajali?"

"Hajapata ajali," Taras akasema. "Hayupo njiani, Orysia. Yuko pwani. Tumemwachia timu moja ya huko, ya mji ulio mbali na kwao, wao wametupa vijana wawili. Dirisha la usajili linafungwa wiki hii, ilibidi."

Orysia akaketi polepole. "Mmemuuza mtoto yuko vitani anapigania nchi? Taras! Damu ya Metro wewe! Yule mtoto alivyokupenda!"

Taras angeweza kunyamaza hapo. Angeweza kuubeba mzigo huo peke yake, na ningemheshimu mpaka kesho. Lakini hakuna meneja anayependa kulaumiwa.

"Aliomba mwenyewe."

"Nani?"

"Keegan. Mwezi wa kumi na moja alinijia ofisini. Timu yetu haina matumaini ya kombe mwaka huu, na kule wana nafasi. Akaomba usiambiwe mpaka mashindano yaishe. Alisema hawezi kukutazama machoni."

Orysia alikuwa akimwona Keegan jikoni, theluji viatuni, akiandika mapishi. Mwezi wa kumi na moja. Basi alipomkumbatia na kumwinua alikuwa ameshaondoka, na aliyemwinua alikuwa mgeni.

"Na jezi?" akauliza. "Jezi atanitumia?"

Lesia ndiye aliyetoa simu yake, kwa sababu mji mzima ulikuwa umeshaiona ile picha, na heri aione kwa ndugu kuliko dukani. Uwanja wa ndege wa pwani. Keegan na medali shingoni, anacheka. Kando yake mwanamke wa makamo mwenye nywele za dhahabu, mama mwenyeji wake mpya, amevaa jezi nyekundu inayomfika magotini.

Orysia aliitazama sana.

"Huyu," akasema, "hajamfulia hata soksi."

Hapo machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Lesia akamkumbatia, akasukumwa kwa kiwiko. Kikulacho ki nguoni mwako, na hawa wawili walikuwa wamekaa kwenye nguo zake tangu mwezi wa kumi na moja, wakimwacha ahesabu sahani ya mtu asiyekuja. Taras akanyanyua koti lake.

"Kaa chini," Orysia akasema.

"Shemeji, naona bora twende—"

"Jioni hii hafukuzwi mtu kwenye meza hii, hata mbwa. Kaa. Ulikuwa unataka kusema neno, lisemee hapo."

Taras akakaa. "Nisamehe, Orysia."

"Mungu atasamehe," akajibu, kama desturi ilivyotaka. Kisha akaongeza lake ambalo desturi haikulijua: "Ndiyo kazi yake. Mimi yangu ni kupakua." Akampakulia ngano ya asali, halafu supu, halafu samaki, vyote kumi na viwili kimoja kimoja, akimsimamia mpaka amalize. Yeye mwenyewe hakuonja. Walikuwa watatu mezani na Lesia aliihesabu witiri ile mara mbili, lakini hakuthubutu kuitaja.

Jumatatu alikuja mtu na gari kuchukua vitu vya Keegan. Alivikuta kibarazani, vimefuliwa na kukunjwa.

Msumari bado uko ukutani. Msimu ukaisha, timu ya pwani ikatolewa mapema, kombe wasilione. Orysia alikuwa bustanini akipanda viazi simu ilipolia, na jina lilikuwa lile.

"Mama?" Sauti ilikuwa ya mtoto. "Ni mimi. Mama, nimejaribu zile pirohi mara tatu. Unga unachanika. Nimekosea wapi?"

Orysia alisimama na udongo viganjani. Waliomtangulia wote waliuliza swali hilo hilo, na kicheko kilimfika kooni kwa mazoea. Akakimeza.

"Uliandika yote niliyokutajia?"

"Yote."

"Basi ndivyo ilivyo, Keegan. Hakuna kingine."

Kijana hakukata simu. Aliwajua kaka zake waliopita katika chumba kile, na alijua walivyojibiwa. Alingoja kuambiwa njoo. Alingoja sana, mpaka Orysia akamwambia ana viazi vya kupanda, akamtakia siku njema.