Shangazi Ameipenda Insha Inayomsema

Admin, jina langu lifiche. Ni msichana wa miaka 24, Mkongo, naishi hapa Durban kwa shangazi yangu, tunayemwita Tantine. Mchana nasuka nywele saluni kwake pale Warwick, jioni nasoma chuo.

Muhula huu tulisoma riwaya ya mji wa miaka ijayo ambako wanawake wamefungiwa mabwenini. Anayewalinda ni mwanamke mwenzao. Akimwadhibu mtu, lazima ashukuriwe mbele ya wote, na wote wapige makofi. Mwalimu akauliza, kwa nini wakubwa wa mji walimchagua mwanamke? Mimi wala sikufikiri. Tantine naye ukichelewa kazini anakusimamisha wima kutwa, kesho yake baada ya maombi ya asubuhi saluni unasema, "Merci Tantine kwa kunifundisha," na sisi wasusi wenzako tunapiga makofi. Basi nikammwaga mzima kwenye karatasi, bila kumtaja jina. Niliandika kwamba mtu wa namna hiyo ni mtumwa aliyepewa ufunguo akadhani amepewa nyumba. Kiburi debe, akili kisoda. Sisi anatungurumia, mwenye jengo la saluni akiingia anakuwa kondoo.

Nikaongoza darasa. Kosa langu, niliiacha insha mezani. Tantine akaona alama, akaniamuru nimsomee kwa Kiswahili. Nikamsomea yote. Akacheka mpaka akafuta machozi.

"Eish, uyu mama iko mubaya! Anafanana kabisa na prezida wa bamama kwa kanisa. Dimanche utaisoma mbele ya bamama yote."

Nyani haoni kundule. Ameshanishonea na gauni la kusomea hiyo Jumapili.

Tantine simwogopi tena, nimemdharau mpaka basi. Namwogopa Neema, aliyekuwa msusi mwenzetu. Mwezi uliopita mtoto wake aliumwa, akachelewa kazini, Tantine akamfukuza, na kabla hajatoka akamlazimisha aseme merci. Neema alisema huku analia. Makofi niliyaanza mimi, ili nionekane mwema. Na kwenye insha nimewacheka sana wapiga makofi, nimewaita mbuzi. Neema anasali kanisa letu, hukaa benchi la pili.

Nikikataa kusoma, Tantine atataka sababu, na sina pengine pa kulala. Nikisoma, Tantine hatajiona, ila Neema ataniona mimi.

Ndugu zangu, Jumapili ni keshokutwa. Nisome, nijifanye mgonjwa, au nimtafute Neema kwanza? Na nikimpata, nianze na neno gani?